Yadi ya Plastiki Imeungua: Mwongozo Kamili wa Siku na Wiki Zinazofuata, kwa Wakazi wa Malindi

Zimamoto wakishakunja mipira yao na umati ukitawanyika, mwenye yadi ya plastiki chakavu hutaka jambo moja: pazolewe, pafagiwe, biashara irudi. Majirani nao hutaka hilo hilo, maana harufu haivumiliki. Haraka hiyo ndiyo huleta hasara ya pili. Plastiki iliyoungua huacha jivu lisilofaa kushikwa kama jivu la jikoni, maji meusi yasiyofaa kuachiliwa mtaroni, na hesabu za bima na fidia ambazo ushahidi wake umo mle mle kwenye uchafu unaotaka kutupwa. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inaanza na kungoja kidogo, kisha kufanya kwa mpangilio.

Nimeandika nikiifikiria Malindi: yadi zilizobanana na nyumba, visima uani, bahari upande wa chini. Mtu wa Lamu atabadilisha machache, hasa usafirishaji, kwa kuwa mizigo yake hupita kwa punda na mashua.

Moto umezimika kweli?

Marobota ya chupa huungua kwa ndani. Maji hupita juu, plastiki iliyoyeyuka huganda ikafanya gamba, na chini ya gamba joto linaendelea. Mjini Hamilton, Kanada, Julai 1997, ghala la plastiki la Plastimet liliungua siku nne. Ndani mlikuwa na tani zisizopungua 400 za PVC, plastiki ya mabomba, na mamia ya watu walihamishwa. Yadi zetu ni ndogo kuliko ile, lakini tabia ya rundo ni moja. Matairi ndiyo mabaya zaidi, huweza kufuka kwa siku nyingi.

Wekeni zamu ya kulinda, mchana na usiku, kwa siku mbili angalau baada ya moshi wa mwisho kuonekana. Anayelinda awe na maji karibu na simu yenye chaji, na akae upande unakotoka upepo. Dalili za kuangalia ni mvuke unaopanda alfajiri au baada ya manyunyu, harufu inayorudi upya, na sehemu ya rundo inayokauka haraka kuliko nyingine. Njia rahisi ya kupima: chomeka nondo ndefu ndani ya rundo ukiwa umesimama pembeni, iache dakika chache, ichomoe, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu nayo bila kuigusa. Ukihisi joto, waiteni zimamoto warudi. Usipande juu ya rundo kwa hali yoyote, kwani gamba likivunjika mguu unazama kwenye plastiki moto.

Asiingie mtu ndani mpaka haya yahakikishwe.

Umeme ukatwe na Kenya Power kwenye nguzo. Kuzima swichi kuu au kungoja tokeni ziishe hakutoshi. Kama kuna paneli za sola, kumbuka hizo hutoa umeme kila jua likiwaka hata laini ya Kenya Power ikiwa imekatwa, kwa hiyo zifunikwe kwa turubai lisilopitisha mwanga na fundi azitenganishe.

Mitungi ya gesi ya kukatia vyuma iachwe ilipo. Mtungi wa asetilini uliopigwa na moto unaweza kulipuka hata baada ya saa kadhaa, na kuusogeza au kuuinamisha ni kuuchokoza. Waonyesheni zimamoto ulipo, wao ndio wataamua.

Na kuta. Hapa Pwani nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mawe hayo ndiyo yale yale tunayochoma tanuuni kupata chokaa. Moto mkali wa plastiki unaweza kulifanya jiwe la juu chokaa papo hapo. Ukuta unaonekana umesimama, kumbe uso wake umelegea. Ukipigwa na maji unapasuka, na vumbi lake likiingia jichoni linachoma. Ukuta uliogeuka mweupe wa unga au uliopasuka usiegemewe, usitiliwe ngazi, na watoto wasicheze chini yake. Fundi wa ujenzi auangalie kwanza.

Angalia pia paa. Kama ni karatasi kuukuu za asbesto, simamisheni kila kitu. Moto uliotokea Aprili 2023 mjini Richmond, jimbo la Indiana, Marekani, kwenye yadi ya plastiki, ulirusha vipande vyenye asbesto mbali hadi kwenye nyumba za watu, na wakazi wakaambiwa wasiviguse wala kukata majani uani. Vipande vya namna hiyo hulowanishwa maji vikiwa chini, havifagiwi, na huondolewa na watu wenye kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Watu waliovuta moshi

Aliyevuta moshi wa plastiki anaweza kuwa mzima saa ya moto na kuzidiwa usiku au kesho yake. Peleka hospitali, bila kungoja, mtu yeyote mwenye sauti iliyokwaruza ghafla, makohozi meusi, nywele za pua zilizoungua, kifua kinachobana, kichwa kinachouma sana pamoja na kutapika, au anayeongea mambo yasiyoshikana. Mwambieni daktari wazi kwamba ni moshi wa plastiki, na kama magodoro au sponji viliungua mwambieni hilo pia, kwa sababu moshi wa sponji huwa na sumu ya sayanaidi na tiba yake ina njia yake. Mjamzito, mtoto mchanga, mzee na mwenye pumu wapelekwe hata kama hawalalamiki.

Maziwa hayaondoi moshi mwilini. Najua kila moto mtaani kwetu humletea mtu pakiti ya maziwa. Mwacheni anywe akitaka, lakini yasiwe sababu ya kutompeleka.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, pete na saa zivuliwe kabla hajavimba, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya mswaki, yai, unga na mafuta ya nazi viachwe nyumbani. Plastiki iliyogandia ngozini isibanduliwe. Ipozwe tu, hospitali watajua. Namba ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, na za polisi ni 999 na 112.

Majirani: nyumba, chakula, kisima

Kwanza andikeni upepo ulikuwa unaenda wapi. Wakati wa kusi moshi wa Malindi huelekea kaskazini magharibi. Wakati wa kaskazi huelekea kusini magharibi. Na usiku upepo ukitulia moshi hukaa chini na kujaza vichochoro. Nyumba zilizokuwa kwenye njia hiyo ndizo za kushughulikiwa mwanzo, hata kama nyumba iliyo ukuta kwa ukuta na yadi inapiga kelele zaidi.

Ndani ya nyumba, usifagie kavu. Ufagio wa chelewa ukipita juu ya masizi unayarudisha hewani na wewe unayavuta mara ya pili. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, ukianzia juu ukishuka chini, ukibadilisha maji mara kwa mara. Vaa glavu na barakoa ya N95 ukiipata. Leso puani huzuia vumbi kubwa tu, chembe ndogo za moshi zinapita. Nguo na mapazia zifuliwe peke yake. Feni ya dari ipanguswe kabla ya kuwashwa. Godoro la mtoto lililoingia masizi ningelitoa kabisa kuliko kujaribu kuliosha.

Chakula kilichokuwa wazi kitupwe: ng'onda waliotandazwa juu, unga kwenye sinia, maandazi ya dukani yasiyofunikwa. Vya makopo na chupa zilizofungwa vioshwe kwa nje kwa sabuni na vitumike, isipokuwa vilivyopigwa na joto lenyewe. Matunda yenye ganda yaoshwe na kumenywa. Mchicha na sukuma wiki vilivyodondokewa na masizi ving'olewe, vitupwe, majani mapya yangojwe.

Kuku ndilo jambo linalosahauliwa. Kuku wa kienyeji huchakura, na akichakura kwenye jivu la plastiki na nyaya anakula sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili na kutokea kwenye yai. Mayai ya kuku wa Agbogbloshie, Accra, ambako nyaya na vifaa vya umeme vilichomwa miaka mingi, yalipimwa na kukutwa na sumu ya namna hiyo, dioksini, nyingi mno. Moto wa siku moja si sawa na miaka ya kuchoma, lakini kufungia kuku wiki kadhaa ni kazi ndogo. Wafungieni, wapeni chakula cha gunia, na zuieni mbuzi wasifike kwenye yadi. Lamu, punda pia.

Sasa kisima. Kama masizi yaliingia kwenye tangi la mvua au maji ya kuzimia moto yalitiririka kuelekea kisimani, acheni kunywa na kupikia. Kuchemsha hakusaidii, na dawa ya klorini haisaidii pia. Hivyo huua vijidudu, havitoi kemikali wala metali. Maji ya tangi ya mvua yamwagwe, tangi lisuguliwe, na michirizi ya paa isafishwe kabla ya mvua kuingizwa tena. Kwa kisima, muone bwana afya wa eneo lenu aje achukue sampuli ipelekwe maabara. Mkemia wa Serikali ana tawi Mombasa. Ombeni metali nzito na mafuta yapimwe, kwa sababu kipimo cha kawaida cha kipindupindu na taka za choo hakitaonyesha mnachokitafuta. Na kipimo kimoja hakitoshi. Mwamba wa Malindi una matundu, maji hupenya upesi, lakini mengine hushuka mvua zinapokuja. Pimeni tena baada ya masika.

Jivu na maji meusi

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo watu wengi hukata kona.

Saa za kwanza, hata moto ukiwa bado unafuka, mtu mmoja apewe kazi ya maji tu. Afuate yanakotiririka. Mtaro unaoelekea ufuoni uzibwe kwa magunia ya mchanga, na shimo dogo lililotandikwa turubai nene lichimbwe ili maji yatulie humo. Bahari ya mbele yetu ni Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Majani ya bahari na matumbawe ya pale hayana namna ya kukwepa maji yenye masizi. Kama maji yameshafika ufuoni, waarifuni KWS (shirika la wanyamapori, linalosimamia hifadhi) na BMU (kamati ya ufuo ya wavuvi) siku ile ile, na mchukue picha.

Vipande vya plastiki iliyoungua ni vigumu kuokota kuliko plastiki nzima. Meli ya X-Press Pearl ilipoungua nje ya Colombo, Sri Lanka, Mei 2021, punje za plastiki zilimwagika baharini kwa wingi, na zile zilizoungua zilikuwa zinavunjikavunjika mkononi na kuchanganyika na mchanga. Kwa hiyo okota mapema, kabla bamvua halijapanda likavitawanya.

Jivu lilowanishwe kidogo lisipeperuke, si kumwagiwa mpaka litiririke. Lifunikwe kwa turubai lililoshikiliwa kwa mawe, hasa wakati wa kusi. Kisha likae hivyo hadi wahusika waje: polisi, NEMA, na wa bima kama ipo. Baada ya hapo lizolewe kwa sepetu, litiwe kwenye mapipa ya chuma au magunia mawili mawili yenye karatasi ya nailoni ndani, yaandikwe jivu la moto. Wanaozoa wavae gambuti, suruali ndefu, glavu nzito, miwani na N95, na wasivuke na viatu hivyo kwenda nyumbani. Nguo za kazi zibaki kazini.

Jivu hili halitupwi ovyo. Haliendi shambani, halifukii choo, halijazi mashimo ya barabara, na kwa vyovyote haliendi kwenye machimbo ya zamani ya mawe, ingawa hapo ndipo mwenye tingatinga atakapopendekeza kwanza. Shimo la mawe ya matumbawe ni ungo, na chini yake kuna maji ya visima vya watu. Anayebeba taka Kenya anatakiwa awe na leseni ya NEMA kwa kazi hiyo. Ombeni muione, na ulizeni kwa maandishi mzigo unashushwa wapi. Risiti ya kushusha ihifadhiwe. Miezi sita baadaye, jivu likionekana penye kisima cha mtu, risiti hiyo ndiyo itakayomtetea mwenye yadi.

Betri ni kazi ya peke yake. Betri za simu, za pikipiki za umeme na za tochi zilizopitia moto zinaweza kuwaka tena baada ya siku kadhaa. Zitoe kwa sepetu ya mpini mrefu, ziweke nje, mbali na ukuta na mbali na kila kitu kinachoungua. Zisiwekwe stoo wala ndani ya gari lililofungwa.

Karatasi

Piga picha kabla ya kugusa: kila pembe, kila mashine na namba yake, mita ya umeme, mlango, uzio. Video ya kuzunguka yadi nzima ukiongea unachokiona inafaa zaidi kuliko picha mia zisizo na maelezo.

Ripoti polisi, upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na baadaye abstrakti, yaani hati ya polisi ya tukio. Mpigie wakala wa bima siku hiyo hiyo, na usitupe mabaki mpaka mkadiriaji wake aje ayaone. Jambo linalowashtua wengi ni hili: kama mali yako ilikuwa ya milioni mbili na ukaikatia bima ya milioni moja, kampuni inaweza kulipa nusu tu ya hasara yako, hata kama hasara yenyewe ni laki nne. Utapata laki mbili. Ni kanuni ya kawaida kwenye bima ya moto, si hila ya wakala.

Kama mfanyakazi ameumia, sheria ni mbili, zote za mwaka 2007: ile ya Usalama na Afya Kazini, na ile ya fidia ya majeraha ya kazini ambayo watu huiita WIBA. Kifo huripotiwa kwa idara ya usalama kazini ndani ya saa 24, na majeraha ndani ya siku 7. Dai la fidia liingizwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kibarua anayelipwa kwa siku naye ni mwajiriwa. Mwenye yadi asimwambie kwamba hana haki kwa kuwa hana barua. Lakini yule anayeokota chupa mitaani na kuja kuuza kwa kilo hayumo kwenye fidia hiyo, hata kama aliungua akiwa mizanini. Hilo ni pengo baya, na kwa sasa linazibwa na utu wa mwenye yadi au halizibwi kabisa.

Daftari la mizani likiponea, lilindeni kama dhahabu. Likiungua, waiteni wauzaji kabla wiki haijaisha, muandike upya nani alikuwa anadai kiasi gani, mzee wa mtaa akiwa shahidi. Madeni ya wazoaji hulipwa mwanzo. Wao hawana akiba ya kungojea bima.

Majirani wana mlango wao. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Kabla ya kufika huko, malalamiko yaandikwe NEMA ya kaunti, nakala kwa chifu na kwa bwana afya, mkibaki na nakala iliyogongwa muhuri. NEMA ina uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira, na mara nyingi barua yake huharakisha mambo kuliko wakili. Mkishindwa, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi.

Kupekua kinachofaa

Plastiki iliyoyeyuka nusu haina soko. Imechanganyika aina na imeingia kaboni, na mnunuzi wa Mombasa ataikataa au atalipa bei ya matusi. Usipoteze vibarua kuitenga. Marobota yaliyo ndani kabisa ya rundo huweza kuwa mazima, hayo yafunguliwe yaangaliwe. Chuma ni afadhali, kinauzika, ila mnunuzi awe na leseni ya vyuma chakavu chini ya sheria ya 2015, kwa kuwa nyaya za shaba zilizoungua ndizo polisi huziuliza maswali.

Krasha (mashine ya kusaga plastiki) na mashine ya kufunga marobota zisiwashwe kujaribu. Kama moto ulizimwa kwa maji ya bahari, na hapa kwetu hilo hutokea, zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ya kisima au ya mfereji, upesi iwezekanavyo, zikaushwe, beringi zitiwe grisi, na mota ipelekwe kwa fundi aipime na kuisuka upya ikibidi. Chumvi ikikaa wiki moja itakula kilichoachwa na moto. Visu vya krasha vilivyopata joto hupoteza makali yake ya ndani. Vinanolewa, vinarudi butu. Badilisha.

Kufungua tena

Usipange upya kama palivyokuwa. Gawa rundo kubwa liwe madogo, na kati ya moja na jingine pawe na nafasi ya gari la zimamoto kupita, si nafasi ya mkokoteni. Rundo lisigusane na ukuta wa jirani wala kufika kimo cha nyaya za umeme. Paa liwe la mabati. Makuti juu ya plastiki ni kiberiti. Kukata vyuma kwa gesi kufanyike upande wa chini wa upepo, na kukimalizika mtu abaki saa moja akiangalia cheche. Mapipa ya maji yajazwe, na ndoo zake zisiazimwe kwa kazi nyingine.

Lipia betri. Mzoaji akijua betri haina bei ataiacha ndani ya gunia la chupa, kwa sababu kilo ni kilo, na gunia hilo ndilo litakalofuka saa nane za usiku. Weka shilingi chache kwa kila betri inayoletwa peke yake, uwe na pipa lake nje, na mlango wa yadi uandikwe hivyo kwa herufi kubwa.